Mfuko wa Hewa wa Bandia: Gari Lililopona kwa Nje na Kubaki na Jeraha Ndani



Wiki hii, ndugu wasomaji, tunazungumzia kitu ambacho wengi wetu tunacho na hatujapata kukiona. Kimoja kimo ndani ya usukani, na kingine kimo ndani ya dashibodi, mbele ya abiria. Ni mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu huuita eabegi. Tunaulipia tunaponunua gari, tunauamini tunaposafiri na watoto, lakini ukweli wake hudhihirika siku ya ajali tu. Kitu cha namna hiyo, kisichoonekana wala kujaribiwa, ni chepesi mno kughushiwa.

Tunalileta jambo hili kwa kuwazingatia hasa ndugu zetu wa Kibaha na Kisarawe. Mji wa Kibaha umekaa juu ya Barabara ya Morogoro, inayobeba mabasi ya mikoani na malori ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda, na Hospitali ya Tumbi imepokea majeruhi wa barabara hiyo kwa miaka mingi. Kisarawe nako, njia ya kupitia Pugu imejaa magari ya watu wanaolala Pwani na kutafuta riziki Dar es Salaam. Familia nyingi za wilaya hizi hutumia gari dogo lililotumika Japani, ambalo huenda limekwisha kupita katika mikono miwili au mitatu hapa hapa nchini. Miongoni mwa magari hayo yamo yaliyowahi kugongwa, yakanyooshwa bodi, yakapulizwa rangi, yakarudi sokoni yaking'aa. Swali letu ni hili: ile mifuko ya hewa iliyofumuka siku ya ajali, mahali pake pamewekwa nini?

Tuanze na namna kifaa hiki kinavyofanya kazi. Gari linapogonga kwa nguvu, vihisio vyake hupeleka habari kwenye kompyuta ndogo, nayo hupeleka umeme kidogo kwenye kikopo cha chuma kilichomo ndani ya mfuko. Ndani ya kikopo hicho mna kemikali ambayo ikiwashwa huungua na kutoa gesi kwa kasi kubwa. Mfuko hujaa katika muda wa sehemu 30 hivi za elfu moja ya sekunde, yaani kabla jicho halijamaliza kupepesa, kisha huanza kupumua kupitia matundu yake ili kichwa na kifua vipokewe kwa ulaini. Kwa hesabu za mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, mifuko ya mbele iliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 nchini humo kati ya mwaka 1987 na 2017. Hatuna ugomvi, basi, na kifaa chenyewe. Ugomvi wetu ni na kile kinachojifanya kuwa ndicho.

Yafaa kujua pia kwamba mfuko wa hewa hutumika mara moja tu. Ukishafumuka haukunjwi na kurudishwa. Hubadilishwa wote, pamoja na kikopo chake, na mara nyingi hubadilishwa pia dashibodi iliyopasuka, mikanda iliyojikaza na kompyuta iliyotoa amri. Gharama hizo zikijumlishwa, huweza kukaribia thamani ya gari lenyewe, na ndiyo sababu mashirika ya bima hulihesabu gari la namna hiyo kuwa limekufa, mabaki yake yakauzwa. Mnunuzi wa mabaki anayetaka faida ana kishawishi kikubwa cha kuitengeneza bodi inayoonekana na kuuacha mfuko usioonekana. Si kila mnunuzi wa mabaki hufanya hivyo, lakini mlango uko wazi.

Udanganyifu wenyewe una sura tatu. Ya kwanza ni kofia tupu: kifuniko kipya cha usukani, chenye nembo nzuri, na ndani hamna kitu, au mmejazwa matambara. Ya pili ni mfuko wa bandia, uliotengenezwa na mtu asiyejulikana na kupigwa chapa ya kiwanda kinachojulikana. Ya tatu ni mfuko halisi uliong'olewa katika gari jingine na kupachikwa bila kujulikana historia yake.

Wapo watakaosema kwamba ubaya mkubwa wa mfuko wa bandia ni kutofumuka. Laiti ingekuwa hivyo tu. Mwezi Oktoba 2012, mamlaka hiyo ya Marekani iliwaonya wenye magari baada ya kuijaribu mifuko ya bandia iliyokamatwa: baadhi haikufumuka kabisa, na mingine ilirusha vipande vya chuma ilipofumuka. Mwezi Julai 2024 mamlaka hiyo ilionya tena, safari hii kuhusu vikopo vya bei nafuu vilivyotengenezwa nje ya nchi hiyo na kupachikwa katika magari yaliyowahi kupata ajali. Katika muda wa miezi tisa vilikuwa vimewaua watu watatu na kuwajeruhi vibaya wawili, katika ajali ambazo kwa kawaida mtu angetarajiwa kuzipona. Ikiwa hayo yametokea katika nchi yenye ukaguzi mkali na kumbukumbu za kila gari, sisi tunaonunua vipuri kwa maneno ya mdomo tuna sababu zaidi ya kuwa macho.

Sura ya tatu nayo isidharauliwe, kwa kuwa neno "orijino" limewapoteza wengi. Kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mifuko ya hewa duniani, na bidhaa zake zilifungwa katika magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda na mengineyo. Kemikali iliyotumika katika vikopo vyake vingi, amonia nitrati, iligundulika kuharibika kadiri miaka inavyopita, hasa katika joto na unyevu. Ikiharibika huungua kwa nguvu kupita kiasi, kikopo kikapasuka na kurusha vyuma usoni na shingoni mwa dereva. Zaidi ya vikopo milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, na mwaka 2017 kampuni hiyo ilikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, kisha ikafilisika. Tafakari sasa, msomaji: joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya mkoa wetu wa Pwani. Mfuko wa aina hiyo ukitolewa katika gari chakavu na kupachikwa katika gari la familia ni halisi kwa chapa, lakini ni hatari kwa athari.

Hapa ndipo suala la ufundi linapogeuka kuwa suala la dini. Wengi wetu tunaifahamu habari ya Mtume Muhammad (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka na kukuta chini yake kuna unyevu uliofichwa, na namna alivyomkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Kasoro ya nafaka ile ilikuwa majimaji ya mvua. Kasoro ya usukani huu ni roho ya mtu. Wanazuoni wa fiqhi wamethibitisha pia haki ya mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa, kwamba ana hiari ya kuirudisha. Na wamesema kuhusu mtu anayejitia utabibu bila kuujua kwamba atabeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Fundi anayepachika kifaa cha kuokoa maisha huku akijua hakiokoi hawezi kujitetea kwamba yeye ni kibarua tu, mwenye gari ndiye aliyetaka rahisi.

Wala lawama zisiishie kwa fundi na dalali. Mwenye gari anayesema, "Nifungie chochote, ilimradi taa izimike, nataka kuliuza," ameshiriki. Mnunuzi wake atampakia mama mzazi na watoto akidhani wamelindwa.

Mtu wa kawaida afanye nini kabla ya kutoa fedha zake? Kwanza, aitazame taa. Katika dashibodi kuna taa yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua chake. Ufunguo ukizungushwa bila kuwasha injini, taa hiyo huwaka kwa sekunde chache, kisha hujizima yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa au imekatwa. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Na kuna hila ya kuiunganisha na taa nyingine, kama ya oili au ya chaji, ili zizimike pamoja injini inapowaka. Basi zungusha ufunguo na usubiri bila kuwasha injini: taa ya eabegi inapaswa kuzimika peke yake, huku zile za oili na chaji zikiendelea kuwaka.

Pili, avute mikanda yote mpaka mwisho na kuiachia. Mkanda uliokwama, usiorudi, au uliochanika pembeni, huenda ukawa ushahidi wa ajali ya zamani. Tatu, apapase kifuniko cha usukani na cha dashibodi: rangi isiyolingana na sehemu nyingine, gundi, mshono uliopanda na kushuka, au nembo iliyolegea, hayo yote yanataka maelezo. Nne, amwite fundi wa umeme wa magari, asiye wa muuzaji, alipime gari kwa kompyuta na, ikibidi, akifungue kifuniko. Wapo wanaoidanganya hata kompyuta kwa kupachika kipande kidogo cha umeme mahali pa mfuko, kwa hiyo kipimo peke yake hakitoshi. Tunasisitiza kwamba kazi ya kufungua si ya mtu yeyote mwenye bisibisi. Betri hutolewa kwanza na kusubiriwa kwa dakika kadhaa, kwani umeme mdogo tu huweza kuufumua mfuko mikononi mwa anayeuchokoa. Tano, achukue namba ya chasi na kuulizia kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari kama limo katika orodha ya yaliyoitwa kurudishwa.

Yule ambaye gari lake ndilo lililogongwa, na analitengeneza kwa fedha zake, adai risiti yenye jina la kipuri na namba zake, na kifaa cha zamani akione kwa macho. Akigundua ameuziwa cha bandia, asinyamaze. Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kupambana na bidhaa bandia, na Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, ndilo lenye dhamana ya ubora. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kumwokoa asiyemjua.

Kwa akina mama tuna neno la ziada. Mfuko wa hewa, hata ulio halisi na mzima, haukutengenezwa kwa ajili ya mtoto. Hutoka kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto mchanga aliyepakatwa kiti cha mbele. Mahali pa watoto ni kiti cha nyuma, kila mmoja na mkanda au kiti chake. Naye mtu mzima anayeendesha asikae amebanana na usukani: kati ya kifua na usukani pawe na nafasi ya sentimita 25 angalau. Na mfuko ni msaidizi tu wa mkanda, haushiki nafasi yake. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele na kukutana na mfuko unaokuja kwa kasi.

Linabaki swali zito, ambalo hatutaki kulikwepa. Vipi kuhusu mzazi ambaye gari ndilo riziki yake, limegongwa, na hana uwezo wa kununua mfuko halisi? Jibu letu ni kwamba bora pengo linalojulikana kuliko ulinzi wa uongo. Kama hana budi, fundi anayejua kazi autoe mfuko uliokwisha kufumuka, pasipachikwe cha bandia mahali pake, na taa iachwe iwake kama shahidi. Aendeshe kwa mwendo wa chini, kila aliyemo afunge mkanda, awaambie abiria wake ukweli, na azidishe akiba mpaka atakapoweza kutengeneza ipasavyo. Siku akiliuza, aseme waziwazi na apunguze bei. Hali hiyo si nzuri, na hatuipambi. Lakini anayejua hana kinga hujihadhari, na aliyedanganywa kwamba anayo hana sababu ya kujihadhari.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hiyo ni hesabu ya nyumba zilizopoteza watoto. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu wetu, na kumfunga ngamia pia ni wajibu wetu. Ndugu anayetoka Mlandizi au Maneromango kwenda kutazama gari kesho, akumbuke kuizungusha ile funguo na kuitazama ile taa kabla ya kuhesabu fedha.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, Insha-Allah.