Masanduku Matatu ya Kebirigo: Nani Atazitunza Filamu Zetu?

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha na kutuzwa alama, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaoitii. Disemba iliyopita nilikumbushwa maana yake nikiwa nimesimama katika chumba kimoja cha mabati sokoni Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, mbele ya masanduku matatu ya mbao yaliyosheheni kanda za video na diski za filamu.

Chumba hicho ni cha mjomba wangu, naye ndiye aliyekuwa mwenye video pale sokoni katika miaka ya mwanzo ya 2000, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Palikuwa na runinga moja, deki moja, mabenchi ya mbao za mkaratusi na pazia jeusi mlangoni. Mtoto alilipa shilingi tano, mtu mzima kumi. Msimu wa bonasi ya majani chai ulipowadia, wakulima na wachumaji walijaa hadi nje, na waliokosa nafasi walichungulia kupitia matundu ya mabati. Humo ndimo nilimomjua Bruce Lee kabla sijamjua Shaaban Robert. Humo ndimo nilimoitazama Sarafina!, filamu ya mwaka 1992, nikalia ilhali sikujua Soweto iko upande gani wa dunia.

Leo chumba hicho hakina watazamaji. Kila kijana ana sinema yake mfukoni, ndani ya simu. Mjomba amekodisha nusu ya chumba kwa muuza mbolea, na mpangaji huyo anaihitaji nusu iliyosalia. "Mpwa wangu," aliniambia, "takataka hizi zimelala hapa zaidi ya miaka kumi. Deki yenyewe ilikwisha kufa. Chagua unachotaka, kitakachobaki nitakichoma Jumamosi." Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Makala haya nayaandika kwa sababu ya siku tatu hizo. Hoja yangu ni moja: filamu za Afrika Mashariki, hususan zile zilizotengenezwa na watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, zimesalia hai katika masanduku ya watu binafsi kuliko mahali pengine popote, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuyafungua masanduku hayo kabla hayajateketezwa.

Tuanze na yaliyokuwamo. Sanduku la kwanza lilikuwa na filamu za ng'ambo: za karate, za vita na za mapenzi ya Kihindi. Hizi sikuzililia. Zina wenyewe, zina maghala yao Hong Kong, Marekani na India, na zitaendelea kuwapo hata Kebirigo yote ikiungua. Sanduku la pili lilijaa diski. Humo mlikuwa na filamu za Kitanzania zilizosambazwa kwa VCD na DVD, zikiwamo za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki dunia mwezi wa Aprili mwaka 2012. Mlikuwa pia na vichekesho vya Riverwood, yaani vile vilivyotengenezwa kwa bei nafuu na kuuzwa katika barabara ya River Road jijini Nairobi. Fauka ya hayo, mlikuwa na filamu za kigeni zilizosimuliwa upya na DJ Afro kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Sheng. Sanduku la tatu lilikuwa na kanda zilizoandikwa kwa kalamu ya wino: arusi, mazishi, sherehe za shule, na kanda moja ambayo maandishi yake yamefutika. Mjomba anakumbuka kwamba ni mchezo wa kuigiza wa Ekegusii, uliorekodiwa na vijana wa huko huko nyumbani kwa kamera ya kuazima. Kati ya waigizaji, anasema, wawili wamekwisha kufa.

Kanda kama hiyo ikichomwa, nani atatoa nakala nyingine? Historia imekwisha kutujibu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu zaidi ya thelathini na kuzionyesha kwa wananchi wa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani. Filamu hizo zilibeba mawazo ya kikoloni, lakini pia zilibeba nyuso, mavazi na mashamba ya watu wetu. Leo zilizobaki zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nazo ziko Uingereza.

Mtu asidhani kwamba hayo yalikuwa ya zamani tu. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? kwa pesa chache mno. Baadaye ilimbidi aifute kutoka kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengenezea filamu iliyofuata. Nakala inayojulikana duniani leo ni ile iliyotiwa sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akishangilia na kutania juu ya picha. Filamu hiyo iliponea kwenye nakala ya vibanda vya video, na baadaye ikatolewa upya nchini Marekani. Tazama basi: kibanda kilichodharauliwa ndicho kilichokuwa hifadhi.

Wala si Waafrika pekee wanaopoteza. Shirika la BBC la Uingereza lilifuta kanda za vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 ili lizitumie upya. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya mfululizo wa Doctor Who vilivyodhaniwa kuwa vimepotea vilipatikana mjini Jos, Nigeria. Nako Ujerumani, filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922 iliamriwa na mahakama iteketezwe kwa kukiuka hakimiliki, lakini ikasalimika kwa kuwa nakala kadhaa zilikuwa zimekwisha kutawanyika mikononi mwa watu. Nakala nyingi katika mikono mingi ndiyo bima ya filamu.

Yamkini msomaji atauliza: je, hiyo si kazi ya serikali? Ni kazi yake, naam. Lakini tutazame sheria zilivyo. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, humtaka mchapishaji awasilishe nakala za kitabu chake. Ndiyo maana hata diwani nyembamba ya mashairi ina matumaini ya kupatikana baada ya miaka hamsini. Filamu nayo hupelekwa mbele ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, lakini lengo la bodi hiyo ni kuamua nani aruhusiwe kuitazama. Kuhifadhi ni jambo jingine. Aliyerekodi mchezo kwa kamera ya kuazima Kebirigo hakuwahi hata kuifikia bodi hiyo. Ikiwa filamu ndefu zinazotajwa katika historia ya sinema ya Kenya, kama vile Kolormask ya Sao Gamba ya mwaka 1986 na Saikati ya Anne Mungai ya mwaka 1992, si rahisi kwa mwanafunzi wa kawaida kuzipata na kuzitazama, ya Kebirigo itapata mtetezi wapi?

Tukumbuke pia kwamba hazina nyingi za taifa zilianza kama mapenzi ya mtu mmoja. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya vitabu, barua na kazi za sanaa kwa maelfu, na leo sehemu ya mkusanyo wake imo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Murumbi hakungoja kamati iundwe ndipo aanze.

Zipo pingamizi, nami sitazikwepa. La kwanza ni uharamia. Ni kweli kwamba diski nyingi za mjomba ni za wizi, na waigizaji na waongozaji waliotoa jasho hawakuona hata senti ya kiingilio changu cha shilingi tano. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda filamu kwa miaka 50, nami sipendekezi tuivunje. Sipendekezi tunakili na kuuza, wala tuonyeshe kwa kiingilio. Napendekeza tutunze, tuorodheshe na tuwatafute wenye kazi tuwaombe idhini. Mwizi huficha jina la mwenye mali. Mhifadhi hulitafuta na kuliandika. Filamu mpya nazo tuzinunue kwa bei halali, kwani anayekusanya filamu huru bila kumlipa mtengenezaji wake anaua kuku wa mayai.

Pingamizi la pili ni kwamba kila kitu kiko kwenye intaneti. Hili ndilo linalodanganya wengi. Filamu iliyoko kwenye mtandao leo inaweza kuondolewa kesho na mwenye mtandao bila kumuuliza mtazamaji, kwa sababu mtazamaji hamiliki chochote isipokuwa ruhusa ya kutazama. Isitoshe, mtu hawezi kupandisha kwenye intaneti kitu kilichokwisha kuchomwa. Intaneti ni msala upitao. Tuutandike, tuuswalie, lakini mbachao tusiutupe.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wasomi wenzetu wasemao kwamba filamu hizi ni duni, sauti zimekwaruza na hadithi ni nyepesi. Huenda. Lakini sisi ni wanafunzi wa lugha. Katika diski za DJ Afro mna ufundi wa msimulizi anayemfunga mtazamaji kwa takriri, lakabu, mafumbo na vipashio vya papo kwa papo. Laiti angesimulia hivyo kando ya moto miaka mia moja iliyopita, tungekuwa tumemwandikia sura nzima katika vitabu vya fasihi simulizi. Nchini Tanzania, kazi ya namna hiyo ilimjengea sifa marehemu Lufufu. Kiswahili kilivyosemwa vibandani katika miongo miwili iliyopita kimo katika diski hizo kuliko katika kamusi zetu.

Hapa sharti nikiri kosa langu. Nikiwa mwaka wa tatu niliandika insha ndefu kuhusu lugha ya majibizano katika filamu moja ya Kitanzania. Nilikuwa nimenunua diski yake stendi ya matatu kwa shilingi hamsini. Nilipomaliza, niliitupa. Nilipotaka kuendeleza kazi hiyo katika masomo ya uzamili, msimamizi wangu aliniomba nakala ili athibitishe manukuu. Sikuwa nayo, wala sikufaulu kupata nyingine. Ilibidi nibadili mada. Basi simlaumu mjomba kwa kiberiti chake. Mimi nilitangulia kuchoma.

Tufanyeje? Mosi, chama chetu kitenge kabati moja katika ofisi yake na kuliita maktaba ya filamu. Halihitaji kuwa kubwa. Pili, kila mwanachama aendapo likizo aulize nyumbani: nani alikuwa na video hapa? Tatu, kila kanda na diski iandikwe katika daftari: jina, mwaka, lugha, waigizaji, ilipatikana wapi na kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, tujifunze kutunza. Kwetu Kebirigo ni nyanda za juu, baridi na mvua haviondoki, na kuvu hupenda kanda kuliko ng'ombe apendavyo chumvi. Kanda isimamishwe wima, mahali pakavu, mbali na jua. Yenye kuvu isiingizwe kwenye deki kabla haijasafishwa, maana itaambukiza deki na deki itaambukiza nyingine. Diski zilizonakiliwa kwa kompyuta hufifia pia. Zinakiliwe tena mapema, na nakala zikae mahali pawili tofauti. Tano, tuiadhimishe tarehe 27 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Urithi wa Picha na Sauti, kwa kuwaalika watengenezaji wa filamu waje watueleze kazi zao na, ikiwezekana, watuachie nakala.

Mashine nazo zinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ilikuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwezi wa Julai mwaka 2016. Kila deki inayokufa leo haina mrithi. Kanda inaweza kuwa salama kabisa na bado ikawa bubu kwa kukosa wa kuisemesha.

Jumamosi ilipofika, niliondoka Kebirigo kwa matatu nikiwa na sanduku la pili na la tatu, nikalipia nafasi ya abiria wawili. La kwanza mjomba alilichoma nyuma ya soko. Alisimama akiutazama moshi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaniambia, "Ile ya vijana wetu ukiipata ikasema, niite."

Kanda hiyo imo chumbani mwangu, imesimamishwa wima. Utepe wake una madoa meupe ya kuvu, nami sijathubutu kuicheza. Ninahitaji mtu anayejua kuusafisha utepe, na mwingine mwenye deki inayofanya kazi. Ndugu msomaji, ikiwa kwenu ipo, usiitupe. Njoo nayo chamani, tumwite mjomba.