Filamu Isimalize Swali la Descartes
Sina ugomvi na wahadhiri wanaotumia filamu ya The Matrix, ya mwaka 1999, kuwafunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza falsafa ya Descartes. Picha huwavuta hata wasiopenda vitabu, nao ni wengi. Hata hivyo, naona hitilafu. Katika filamu hiyo Neo anameza kidonge chekundu, anazinduka, nasi watazamaji tunaonyeshwa ulimwengu halisi. Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1641, hakuwa na kidonge. Ilimbidi atafute yakini akiwa mumo humo katika shaka. Huo ndio ugumu wenyewe, na filamu inauondoa upesi mno. Heri isimamishwe kabla Neo hajazinduka, taa ziwashwe, kila mwanafunzi aulizwe: wewe wajuaje kwamba huoti ndoto sasa hivi?