Uzuri wa Mkakasi

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu huitumia mithali hii kwa wapendao mavazi na maringo. Lakini yafaa pia kuipeleka kanisani siku ya Jumapili, na kuiweka mbele ya kila mtu aketiye pale na kitabu cha nyimbo mkononi.

Si vigumu kumtambua Mkristo kwa macho. Ana jina la ubatizo. Amevaa suti iliyopigwa pasi, hukaa mstari wa mbele, na sadaka yake huitia sahanini polepole ili noti ionekane. Jina lake limo katika kamati ya kanisa. Ikifika Jumatatu, mtu yule yule, kama ni mkulima, hutia maji katika maziwa ayapelekayo kwenye chama cha ushirika. Kama ni karani, humwambia mama mzee aliyetoka mbali kwamba faili lake halionekani, mpaka mama huyo afungue kitambaa alimofunga fedha zake. Majirani huyaona hayo yote, nao wasio Wakristo huuliza: Je, maji ya ubatizo yalimwosha nini mtu huyu?

Ulizo hilo si geni. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Bwana Yesu aliwakemea watu wa dini waliosafisha kikombe kwa nje huku ndani kumejaa unyang'anyi, na waliotoa zaka hata ya majani ya kiungo lakini wakaacha haki na rehema. Yafaa kuangalia vema jambo moja: hakuwakataza kutoa zaka, wala hakusema kwamba kuja nyumbani mwa Mungu ni kosa. Kosa lao lilikuwa kuyafanya mambo ya nje yawe badala ya yale ya ndani.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lilipata kupimwa waziwazi. Huko Gahini, nchini Rwanda, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na daktari wake alikuwa Mwingereza, Joe Church. Mwezi wa Septemba, 1929, daktari huyo alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakaketi pamoja kusoma Biblia na kuomba. Baadaye Yosiya Kinuka, mkubwa wa wafanyakazi wa hospitali ile, naye alikwenda kumwona Nsibambi. Hospitalini mlikuwa na ugomvi na manung'uniko, naye Kinuka alikuwa na mengi ya kulalamikia. Nsibambi hakumpa nafasi ya kuwahesabia wengine makosa. Alimwambia autazame moyo wake mwenyewe. Kinuka akarudi Gahini amekuwa mtu mwingine.

Hivyo ndivyo Uamsho ulivyoanza kuenea. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha na kuhubiri Gahini, na alipofariki mwezi wa Januari, 1936, alikuwa amejitayarisha kuliambia Kanisa la Uganda kwamba limelala na imelipasa kuamka. Mwaka 1937 wahubiri wa Uamsho walifika Kabete hapa Kenya.

Walokole walikuwa na nyimbo, machozi na mikutano mikubwa. Lakini yaliyowafanya majirani wasadiki si hayo, maana debe tupu haliachi kuvuma. Watu walisadiki walipoona mali inarudishwa. Mtu aliyeiba alikwenda kwa mwenyewe, akaungama, akalipa. Mwenye deni alilitafuta lango la mdai wake bila kuitwa. Mume aliomba radhi kwa mkewe. Mambo kama hayo si rahisi kuyafanya kwa kujionyesha, kwa sababu humpunguzia mtu fedha na heshima.

Kipimo kikubwa zaidi kilikuja baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Kenya mwezi wa Oktoba, 1952. Katika nchi ya Wakikuyu, wengi waliokuwa wamebatizwa waliliacha kanisa. Wako Wakristo wa Uamsho waliokataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Baadhi yao waliuawa. Na wako waliokataa vile vile kushika bunduki za Serikali, kwa kuwa hawakutaka kumwua jirani. Hivyo pande zote mbili ziliwatilia shaka. Katika siku zile hapakuwa na faida yo yote ya kuonekana mtu wa dini, nao walioshika imani waliishika kwa sababu ilikuwa yao kweli.

Lakini imani hairithiwi kama shamba. Katika Rwanda, nchi ile ile ya Gahini, mwaka 1994, watu walio wengi walikuwa wamebatizwa, na makanisa yalikuwa kila mahali. Hata hivyo watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo, kama pale Nyamata na Ntarama, na miongoni mwa wauaji walikuwamo Wakristo wa majina. Babu aliyetubu hamtubii mjukuu wake. Na hata neno la mlokole laweza kugeuka kuwa kanzu ya kuvaliwa: mtu hujifunza namna ya kushuhudia, husimulia dhambi alizoziacha zamani, na kuinyamazia ile aifanyayo leo.

Kwa hiyo kila mtu na ajipime kwa yale afanyayo pasipo wa kumwona. Zakayo mtoza ushuru hakusifiwa kwa kupanda mtini. Wokovu wake ulijulikana aliposimama na kutaja fedha: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Mkulima anayo debe lake la maziwa, na karani analo faili lake. Hapo ndipo penye madhabahu ya siku sita.

Injili inamwagiza mtu akumbukaye kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake mahali pale na aende kwanza kupatana naye. Basi karani wa mstari wa mbele anajua aanzie wapi. Ile noti aliyotaka kuitia sahanini Jumapili ijayo ni ya yule mama mzee. Na ampelekee kwanza, pamoja na faili lake.