Sala tofauti, depo moja

Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, Wayahudi Waafrika wanaoitwa Abayudaya huingia sinagogi Ijumaa jua linapozama. Huimba kwa Kiebrania na Kiluganda. Jumamosi husoma Torati na kupumzika: hakuna jembe, hakuna biashara. Majirani Waislamu wamekwisha sali Ijumaa mchana. Wakristo watasali Jumapili.

Dini yao ilianza 1919 na Semei Kakungulu. Miaka ya 1970 Idi Amin aliikataza, wakasali kwa kujificha. Wangeweza kubaki wamejifungia. Lakini 2004 mmoja wao, J.J. Keki, alipita kwa majirani, wakaanzisha koperative ya kahawa ya Wayahudi, Waislamu na Wakristo: Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hakuna aliyeombwa kubadili dini. Waliombwa kuuza pamoja, kwa bei inayomfaa mkulima.

Na sisi Uvira? Kutoka Kavimvira hadi Kalundu mahubiri ya amani hatukosi. Lakini kesho yake kila mtu anarudi kwa watu wa kabila lake, na mkulima wa mchele wa bonde la Ruzizi anauza peke yake, kwa bei anayopangiwa na mnunuzi.

Wachungaji, mapadri na maimamu waanzie hapo: depo moja, mizani moja, komite moja yenye Mfuliru, Muvira, Munyamulenge na Murundi. Mtu ambaye gunia lake limelala juu ya lako hatafurahi kuona depo inaungua.