Kamera ya mapafu isiwe mtihani wa ujasiri

Mgonjwa anayekohoa damu, au mwenye kivuli kifuani ambacho kipimo cha makohozi hakikukieleza, anaweza kuandikiwa bronkoskopi: mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa puani au mdomoni hadi ndani ya njia za hewa. Kaskazini mwa Tanzania tunayajua maradhi ya mapafu. Hospitali ya Kibong'oto inatibu kifua kikuu tangu 1926, na vumbi la migodi ya Mirerani bado linaumiza vifua vya vijana. Mkazi wa Shirimatunda, Moshi, anayeandikiwa kipimo hiki huuliza kwanza gharama. Swali la pili wengi hulimeza: nitaumia? Jibu la "jikaze" halitoshi, tena si la kitabibu. Anayekohoa mfululizo na kurusha mikono humnyima daktari nafasi ya kuona vizuri na kukata kinyama cha kupima bila kujeruhi.

Lignokaini inayopulizwa kooni hutia ganzi na kupunguza kikohozi, na midazolamu kidogo huondoa hofu huku mgonjwa akiendelea kuitika akiitwa. Hiyo si nusu kaputi. Wapo wanaohofia kwamba kumlegeza mtu mwenye mapafu mabovu ni kumtafutia balaa, na hofu yao ina msingi, kwani midazolamu hupunguza nguvu ya kupumua, hasa ikichanganywa na fentanili, dawa kali ya maumivu. Ndiyo maana dozi huanza ndogo, wazee wakapewa pungufu, na flumazenili na naloksoni, dawa za kubatilisha hizo mbili, zikawekwa tayari mezani. Zaidi ya dawa zote, awepo mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kumwangalia mgonjwa. Kifaa cha kidoleni husoma oksijeni, lakini kwa mgonjwa anayeongezewa oksijeni namba yaweza kubaki nzuri ilhali pumzi imeshafifia. Jicho lililo juu ya kifua huwahi kuona.

Wauguzi hawatoshi, wataniambia, na ni kweli. Basi pasipo na mwangalizi, dawa ya kutuliza isitolewe. Kipimo kisicho cha dharura kisogezwe mbele, au kifanyike kwa ganzi tu, mgonjwa akiwa ameelezwa na kuridhia. Lakini upungufu huo usigeuzwe utaratibu: anayepanga zamu ahesabu mwangalizi kama anavyohesabu mrija.

Nawe uliyeandikiwa kipimo, usile kwa saa sita kabla, taja dawa zote unazotumia, nenda na ndugu, usinywe hata chai mpaka ganzi iishe kooni, na siku hiyo usiendeshe pikipiki. Kabla ya kusaini, uliza ni nani atakayeangalia pumzi yako.