Zamu ya ku Mlango: Sababu Tumekataa



Mwezi huu sisi makapita tulipata barua tatu. Zote zinaomba jambo moja: tuweke zamu ku mlango mkubwa saa ya rekreasyo, kusudi tufukuze watoto wa barabarani wanaokuja kuomba mkate na kuokota chupa. Moja inasema: «Bale bashege beko bezi, mubafukuze.» Tumekataa, na sababu ni hizi.

Kwanza hilo jina. Shege, shege, kila siku. Nani kati yetu anajua jina lingine la yule mfupi mwenye kofia ya buluu? Tulimuuliza. Yuko na jina, anajua la baba yake na la kijiji chao. Alifika Lubumbashi kwa gari-moshi toka Kasai pamoja na mjomba, na mjomba akamwacha ku stesheni.

Wengine walifukuzwa nyumbani. Mama anakufa, baba anaoa mwingine, biashara inaanguka, mtu anaota ndoto mbaya, na kesho yake mtoto wa miaka nane anaitwa mulozi. Ku somo la uraia tunajifunza kwamba Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamwazibu mwenye kufanya hivyo. Ku interogasyo tunaandika vizuri sana, tunapata pointi zote. Kiisha tunatoka inje na kumpigia kelele yule yule aliyefukuzwa. Sasa tulisoma nini?

Kuko wanaoiba, hatutaficha. Lakini nendeni ku soko la Kenya saa kumi na mbili ya asubuhi, mtaona nani anabeba mifuko ya unga na ya makala ya watu kwa franga kidogo. Mtoto anayebeba kilo 25 mbele hajakula kitu si mvivu. Sisi tunanung'unika juu ya kufagia darasa moja!

Tena kuna jambo tumeliona mara nyingi ku mlango, nalo linatuuma. Mmoja akipata mkate haule peke yake. Anaita wenzake, anaukata, mdogo anapewa wa kwanza, na mkubwa pengine anabaki kulamba vidole. Mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi ya hapa inashuka mara nyingi chini ya digri 10. Wanalala wakibanana ku veranda za maduka, wadogo wakiwekwa katikati. Kwetu ku internat mtu anafunga sanduku kwa kufuli mbili juu ya sukari. (Msikasirike, mnajua ni kweli.)

Kuna wanaosema watoto hawa hawatafika popote. Roger Landu alikuwa mtoto wa barabara kule Kinshasa. Alitwaa kopo tupu, kijiti na waya mmoja, akatengeneza chombo cha muziki, satonge. Wanamuziki walemavu wa Staff Benda Bilili walimpokea, na mwaka 2009 albamu yao ilitoka, wakapiga mpaka Ulaya. Lakini tusingoje mtoto apige muziki Ulaya ndipo tumsalimie.

Hatusemi mlango ubaki wazi tu. Direkta wa nidhamu ana haki ya kutaka utaratibu. Tunaomba hivi: bugali na maharagi yanayobaki saa sita yagawanywe pale ku mlango, makapita wawili wakisimama bila fimbo. Chupa tuzikusanye sisi wenyewe katika mfuko na kuwapa, hivyo hawatahitaji kuingia ku kiwanja. Na mmoja akitaka kuacha barabara, tumwonyeshe njia ya Bakanja, kwa Wasalesiani, wanaofanya kazi hii hapa mjini. Ni Wakatoliki, ndiyo. Njaa ya mtoto haiulizi kanisa.

Tutalizungumza ku mkutano wa Ijumaa. Wenye kupinga waandike maoni yao na kuyatoa kwa kapita wa darasa mbele ya Alhamisi jioni.