Hema la Voi na Hema la Vuria

Wanafunzi wengi waendao kupiga kambi Taita Taveta huchagua hema kwa kutazama bei na ukubwa. Kosa hilo hudhihirika usiku. Voi, mji ulio kimo cha mita 600 hivi, umo katika nyika kame yenye joto. Hapo hutosha hema jepesi lenye madirisha mapana ya chandarua, na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta ili nge asiingie. Lakini kilele cha Vuria ni mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, zikapoa na kuacha ukungu hata nje ya masika. Huko hema la tabaka moja ni adhabu: pumzi za walalao hugeuka maji na kuwadondokea, nao wakadhani limevuja! Linalofaa ni lenye matabaka mawili yasiyogusana.

Hema la watu sita, kwa upande wake, ni mzigo wa punda. Heri wawili wawili wabebe lao, mmoja kitambaa, mwenzake nguzo na vigingi. Mwenye uwezo wa kununua moja tu, basi anunue la Vuria. Akishuka Voi na mbingu ikiwa safi, atalivua tabaka la nje.